Akaunti ya Sajini, Tawi la Kiritiri

Mwenda, mkubwa wenu wa kompyuta, ameniomba niandike. Anasema ninyi vijana mliobaki ofisi ya Meru mnabonyeza tu, hamjui kazi hii ilifanywaje kwa mikono. Nimekubali, kwa sababu mtu mwingine akiandika atakosea, na kwa sababu kazi ya kufungulia watu akaunti katika kampuni yetu ilianzishwa na watu wawili, na mmoja ni mimi. Vyeo sitavitaja. Mshahara pia tuachane nao. Nyumba yangu iko mtaa wa Dallas hapa Embu, ina ghorofa, kila mtu anaiona akipita. Hiyo inatosha.

Shule niliiachia darasa la saba. Sisemi kwa aibu. Waliosoma na kumaliza nimewafungulia akaunti mimi, na wakisahau paswadi walikuja kwangu wamekunja mikono kama watoto wa kipaimara.

Niliingia kampuni kama tarishi. Wakati huo tulikuwa tunanunua ndengu, njahi na mtama kwa wakulima, kama mnavyofanya hata sasa, lakini ofisi kuu ilikuwa vyumba vichache tu, ukiteremka kuelekea Majengo. Siku ya kwanza nilitumwa nipeleke kalamu kwa chumba cha kompyuta. Nikakuta kompyuta tatu zimefunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono kama viti vya sebuleni, na mwanamume mmoja amekaa katikati yake anakaanga maini kwenye jiko la stima.

Huyo alikuwa Hamisi, mwalimu wangu. Mtoto wa wachinjaji wa Majengo, baba mchinjaji, babu mchinjaji, yeye peke yake ndiye aliyepotelea kwa kompyuta. Ijumaa akirudi kutoka msikitini alipitia kwa kaka yake na kuja na maini yamefungwa kwa gazeti. Aliniangalia, akaangalia zile kalamu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kiritiri."

"Unakula maini?"

"Nakula."

"Basi keti. Kalamu zinaweza kungoja."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa kazi ya kompyuta. Wengine walipitia chuo, mimi nilipitia sufuria.

Hamisi alinifundisha kitu kimoja na akakirudia mpaka nikaota nacho. Alisema, "Ireri, ukimpa mtu akaunti umempa ufunguo. Wa mizani, wa stoo, wa karatasi zote. Sasa wewe utampa mtu ufunguo na hujamjua?"

"Siwezi."

"Utamjua wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini kila mtu ni mzuri, bwana! Ofisini hata mwizi anapiga pasi. Kunywa naye chai."

Ikawa ndiyo sheria yetu. Hakuna akaunti kabla ya chai. Mfanyakazi mpya akiajiriwa, awe Meru, Embu ama Kiritiri, mimi nilibeba bahasha yenye paswadi yake na chupa yangu ya chai, ile nyekundu ambayo wengi wenu mnaikumbuka, nikaenda nikaketi naye. Nilimuuliza amelala wapi, amekula nini, ni nani aliyemwandika kazi. Kikombe kikiisha, nilimpa bahasha ama nilirudi nayo. Hiyo chupa ndiyo ilikuwa chombo changu cha kazi. Fundi wa magari ana spana, mimi nilikuwa na chupa.

Mlicheka, najua. Lakini nawapa mfano mmoja. Alikuja mtu na suti, akasema yeye ni mhasibu mpya wa tawi la Embu, karatasi zake zote safi, na anataka akaunti ya kuona bei za matawi yote leo hii. Siku hiyo chupa yangu ilikuwa imevunjika roho, kile kioo cha ndani, basi nikampeleka hoteli moja ya Majengo. Hata hatujaketi, yule mhudumu wa hoteli akamwita kutoka jikoni, "Aah, broka! Leo umevaa kama bwana harusi! Zile ndengu za jana uliuza wapi?" Mtu alikuwa broka. Alitaka kujua bei yetu asubuhi ili atutangulie kwa wakulima mchana. Alikunywa chai yake yote, namsifu kwa hilo, halafu akaondoka na karatasi zake safi. Niambieni ni mashine gani ingemjua huyo.

Hamisi alipostaafu alirudi buchari kwa kaka yake, na mimi nikabaki na chumba. Halafu akaja Mwenda.

Mwenda nampenda, na anajua. Alikuja na digrii na viatu vya kuchongoka, lakini hana madharau. Ni yeye aliyewaambia wakubwa kwamba tumekua, watu wanaajiriwa na kuacha kila wiki, na mzee mmoja na chupa ya chai hawezi kuzunguka nchi nzima. Hapo nilikubaliana naye, mgongo wangu ulikuwa umeanza kuongea. Wakaita watu wa kuuza mfumo. Wakaja na picha ukutani. Mfanyakazi akishaandikwa tu na ofisi ya wafanyakazi, akaunti zake zote zinajifungua zenyewe. Akienda likizo, zinajifunga. Akirudi, mkubwa wake anabonyeza, zinafunguka. Mkubwa mwenyewe akiacha kazi, mfumo unamtafuta aliyekaa sana kwa tawi na kumpa ukaimu. Binadamu hagusi kitu.

Niliinua mkono. "Utamjuaje mtu?"

Mwenda akasema, "Mzee, mfumo utasoma kutoka ofisi ya wafanyakazi."

"Na ofisi ya wafanyakazi inamjua?"

Akafikiri kidogo. "Ina namba yake."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimemaliza.

Sasa gharama. Bei ya mfumo ule ilikuwa kwa kichwa. Kila mwenye akaunti analipiwa kila mwezi, afanye kazi ama alale. Na palikuwa na aina tatu, wakubwa wakachagua ile ya juu kabisa, ambayo hata Mwenda mwenyewe hawezi kuingilia, ili kusiwe na ulaghai. Yaani tulilipa zaidi ili tusiweze kufungua mlango wetu wenyewe. Pesa ikatafutwa mahali pa kutoka. Kwanza chai ya saa nne ikakatwa. Halafu mizani za zamani za kuning'iniza zikauzwa kwa watu wa vyuma, zikaja mizani za stima zisizotoa risiti mpaka karani aingie na akaunti yake. Halafu kufuli za stoo zikatolewa, milango ikawekwa kufuli ya mfumo, inayofunguka kwa akaunti hiyo hiyo. Mimi nikapelekwa Kiritiri kuwa mshauri. Mshauri maana yake ni kiti chini ya dirisha.

Nilifikiri, ikiwa nitakaa, heri nikae kwangu Dallas. Nikaandika ombi la kustaafu mapema, nikalituma kwa mfumo. Siku zikaenda, jibu hakuna. Niliwaambia watu wa kule Kiritiri, "Mnaona? Hawawezi kuniachilia." Niliamini hivyo kabisa. Mtu aliyeanzisha kazi yote hiyo, utamwachilia vipi?

Sasa niwaeleze tawi la Kiritiri, maana hapo ndipo maneno yenyewe yalipo.

Meneja alikuwa Njagi, mtu wa maneno mengi. Kiritiri maji ni shida, hiyo mnaijua, kwa hiyo tawi lilikuwa na punda wa kuchota maji kisimani. Mwendesha punda ni Mugo, mtu mzima, mpole, anaongea na punda kuliko anavyoongea na sisi. Miaka ya nyuma, Njagi aliomba ofisi kuu nyasi kavu za punda, ofisi kuu ikakataa: chakula hutolewa kwa mfanyakazi mwenye namba tu. Njagi hakubishana. Alimwandikisha punda. Jina, Sajini Njagi. Kazi, mhudumu wa maji. Tarehe ya kuanza akaweka ile ya siku tawi lilipofunguliwa, kwa sababu ni kweli, punda alikuwepo siku hiyo. Baadaye ofisi ya wafanyakazi ikataka picha ya uso ya kila mwenye namba. Njagi akampiga punda picha. Picha nzuri, masikio yote yalitoshea.

Mimi nililijua jambo hilo tangu mwanzo. Nilipoletewa bahasha ya Sajini Njagi nilienda mpaka Kiritiri, nikakuta ni punda, nikanywa chai yangu peke yangu na kurudi na bahasha. Punda akabaki na namba na nyasi zake, bila akaunti. Hapakuwa na shida yoyote.

Lakini mfumo haukunywa chai na mtu. Siku ulipowashwa ulikuta namba bila akaunti, ukamfungulia Sajini akaunti zote, na tukaanza kumlipia kichwa.

Halafu Njagi akaacha kazi akagombee uwakilishi wa wadi. Aliondoka Ijumaa na kofia ya chama. Wiki iliyofuata ikafika siku ya soko.

Siku hiyo wakulima walifika na ndengu zao mapema, wakapanga magunia nje ya stoo mpaka barabarani. Karani wa mizani, Wawira, alikuwa anarudi kutoka likizo ya uzazi, na mtoto alikuwa mgongoni mwa dada yake pembeni. Yule kibarua aliyemshikia nafasi, mkataba wake ulikuwa umeisha jana yake, na mfumo ukamfunga kwa wakati, safi kabisa. Wawira akaweka kidole kwenye kufuli ya mlango. Mlango ukalia pii na kukataa. Akajaribu mizani. Mizani ikakataa. Akachukua tableti ya tawi, akasoma.

"Mzee Ireri," akaniita. "Kuja usome. Mimi labda bado niko na usingizi wa mtoto."

Nikasoma. *Akaunti yako itafunguliwa baada ya idhini ya kaimu meneja, Sajini Njagi.*

Mugo alikuwa nyuma yetu. Akauliza pole pole, "Sajini? Huyu wangu?"

"Si wako tena," Wawira akasema. "Wewe ndiye wake. Hapa imeandikwa uko chini yake."

Mngekuwepo mngecheka, na sisi tulicheka. Halafu tukaangalia juu. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Kiambere, meusi, wakati ambao hakuna mtu aliyetarajia mvua. Ndengu kavu zikilowa kwa gunia zinaota, na zikishaota hakuna anayenunua. Zile zilikuwa ni mavuno ya msimu mzima ya watu wale, karo ya shule na kila kitu, na mlango wa chuma ulikuwa umefungwa mbele yao.

Cucu Marigu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mama mzee, mkali, mdomo hauna breki. Akaweka mkono kiunoni. "Ireri wa Nthiga, wewe si ndiye ulituambia kwa kanisa unaelewa kompyuta kuliko Wahindi?"

"Naelewa, Cucu."

"Basi elewa haraka."

Nikampigia Mwenda. Nikamweleza.

"Mzee, unasema ni punda punda?"

"Ana mkia, Mwenda."

"Siwezi kuingilia. Tulinunua ile ya juu. Nimeshawaandikia wenye mfumo, lakini kwao saa hizi wamelala." Akapumua. "Mzee, picha yake iko kwa mfumo?"

"Iko."

"Basi idhini inatolewa kwa namba ya kazi na uso. Mfumo unataka tu kuona ni yeye na kwamba yuko hai." Nikasikia anajikaza asicheke, ama asilie. "Mpelekee tableti."

Mugo akamtoa Sajini. Nikaandika namba, nikashika tableti mbele ya uso wake. Mashine ikamtazama, yeye akaitazama. Ikaandika, *Geuza kichwa kulia.* Mugo akamwambia, akageuka kulia kama mwanajeshi. Watu wakapiga makofi. *Geuza kichwa kushoto.* Akagoma.

"Huyu hageuki kushoto," Mugo akasema. "Njia ya kisimani yote ni kulia."

"Na kurudi je?"

"Tunazunguka kule nyuma ya shule. Ni kulia pia."

Kule juu kukanguruma. Watu wakaanza kuvua makoti na leso kufunika magunia, na makoti yenyewe hayakutosha. Cucu Marigu akafungua gunia lake, akachota ndengu kiganjani, akasimama kushoto kwa punda akamnyooshea. Sajini akafikiri. Mameneja wote hufikiri. Halafu shingo ikaja kushoto, polepole, na mashine ikakubali.

Ikaandika, *Tabasamu.*

Hapo hata mimi niliishiwa. Mugo akajaribu kumtekenya shingo. Wawira akamwimbia wimbo wa mtoto. Jamaa mmoja wa foleni akamtolea hotuba, "Mheshimiwa, tunakuomba kwa niaba ya wakulima," Sajini akafumba macho, na mashine ikatuonya kwamba mhusika amelala. Tone la kwanza likaniangukia kwa kipara, kubwa kama shilingi.

Nilichofanya ni kutazama, kama Hamisi alivyonifundisha kumtazama mtu. Nikaona kwamba Cucu Marigu, kwa wasiwasi, ametoa kikopo chake cha tumbaku na kunusa, na punda amepanua pua upande wake. Nikasema, "Cucu, mpe kidogo." Wazo lilikuwa langu, tafadhali lieleweke hivyo, ingawa tumbaku ilikuwa yake.

"Nimpe punda tumbaku yangu?"

"Si punda, ni meneja."

Akammiminia kidogo kwa kiganja, akamwekea chini ya pua. Sajini akavuta. Akasimama kama aliyeitwa kwa jina. Kisha akainua kichwa juu, mdomo wa juu ukakunjika mpaka ukagusa pua, na meno yote, ya manjano, marefu kama ya piano ya kanisa, yakatokea. Mashine ikasema *Asante, Sajini,* na orodha ya maombi yanayomngojea ikafunguka.

La kwanza lilikuwa la Wawira. La pili lilikuwa langu.

Nisiwafiche, nililisoma. Ombi la kustaafu la Ireri Nthiga, linangoja idhini ya Sajini Njagi. Njagi alikuwa ameondoka bila kulibonyeza, akamwachia kaimu wake. Kumbe kampuni haikuwa imeshindwa kuniachilia. Nilikuwa nimekwama kwa punda. Na idhini ilikuwa ni moja kwa uso mmoja. Ukitaka nyingine unaanza upya, kulia, kushoto, meno. Matone yalikuwa yanaongezeka. Nikabonyeza la Wawira.

Mlango ulifanya pii na kufunguka. Sijawahi kuona magunia yakikimbia hivyo. Wanaume, wanawake, mwalimu wa kwaya, hata wateja wa hoteli ya jirani, wote wakabeba. Gunia la Cucu Marigu niliingiza mimi mwenyewe, na mgongo wangu ukaongea kwa sauti. Mvua ilipomwagika kweli kweli, nje alibaki Sajini peke yake, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwingiza, na hakuonekana kujali. Wawira akaketi penye mizani na kuanza kuita majina. Hakuna ndengu zilizoota.

Mvua ilipopungua nilimwomba Cucu tumbaku kidogo kwa ajili ya ombi langu. Akatikisa kikopo. "Imebaki ya pua moja tu. Na pua yenyewe ni yangu."

Kwa hiyo nilikaa kazini hadi soko lililofuata, nikiwa mtumishi wa punda, na nawaambia kwamba nimekuwa chini ya mameneja wabaya kuliko yeye. Hakuitisha mkutano hata mmoja. Mwenda alikuwa anaandikiana na wenye mfumo ili wamtoe, nao wakamjibu kwamba ili kumtoa kaimu meneja, kaimu meneja mwenyewe lazima aidhinishe.

Siku hiyo ya soko nilijaza chupa nyekundu nikaenda mapema. Sikwenda na tumbaku. Nilifikiri, mtu huyu nilimnyima akaunti na sikumpa hata kikombe, nilikunywa mbele yake na kuondoka. Nikamimina chai kwenye sufuria ndogo, ya maziwa, sukari ya kutosha, nikaiacha ipoe kidogo, nikamwekea. Nikajimiminia yangu. Tukanywa. Mugo alisimama kando amevua kofia.

"Anapenda," akasema.

"Mwambie ni chai ya Hamisi."

Akamwambia.

Nikashika tableti. Kulia akageuka. Kushoto nikamwonyesha chupa, akageuka. Kisha akaingiza pua kwenye mvuke wa sufuria, akainua kichwa, mdomo ukakunjika, meno yakatoka yakiwa na maziwa. Nikabonyeza ombi langu mwenyewe. *Asante kwa utumishi wako, Ireri Nthiga.* Pale pale akaunti zangu zote zikajifunga, moja baada ya nyingine, kwa wakati, safi kabisa. Mwenda alikuwa amesema ukweli, mfumo unafanya kazi.

Nikamshika Sajini shingo kidogo, halafu nikaenda kuchukua koti langu stoo. Nikaweka kidole kwenye kufuli. Pii. Ikakataa.

Nikabisha hodi.

"Nani?" Wawira akauliza kutoka ndani, na nilisikia kwa sauti kwamba anacheka.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

Nikasema jina langu lote, na la baba, na nimelala wapi, na nimekula nini, na aliyeniandika kazi.

"Uko na chai?"

"Iko."

Akafungua.